Uzi: Arafa za kuwasaidia vijana wa Nairobi kuacha sigara. Njooni tuziandike

#1 Mhudumu_Embakasi

Wadau, hamjambo.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Embakasi. Katika nyumba ninazozizungukia, mwenye presha najua pa kumtuma, mwenye kikohozi kisichoisha najua pa kumtuma, mjamzito vivyo hivyo. Lakini mzazi akinivuta kando na kuninong'oneza kwamba kijana wake anavuta, sina mahali karibu pa kumwambia "mpeleke pale, atasikilizwa, atafuatiliwa." Kijana mwenyewe naye hataki kupelekwa popote. Ana miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na miwili. Hajioni mgonjwa, na foleni ya hospitali anaona ni ya wazee na watoto. Kilicho naye tangu anapoamka hadi anapolala ni simu.

Ndiyo maana nataka tuzungumzie arafa. Namaanisha meseji ya kawaida, inayoingia hata kwenye simu ndogo, kabambe, isiyo na bando.

Jambo hili limejaribiwa. New Zealand walichapisha matokeo yao mwaka 2005: wavutaji 1,705 waliotaka kuacha, nusu yao wakatumiwa arafa. Baada ya wiki sita, 28% ya waliotumiwa walisema hawavuti, wenzao wakawa 13%. Mtu anaweza kuuliza, kusema kuna kazi gani? Uingereza wakaja na jaribio kubwa zaidi, txt2stop, lililoongozwa na Caroline Free wa London School of Hygiene and Tropical Medicine. Watu 5,800. Baada ya miezi sita, aliyedai ameacha alipimwa ili kuthibitisha. Waliopata arafa za kuwasaidia, 10.7% walikuwa wameacha kweli. Waliopata arafa zisizohusu kuacha, 4.9%. Hayo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2011.

Ila mfano unaonigusa zaidi ulifanyika hapa hapa kwetu. Kliniki za Nairobi, Pumwani ikiwemo, pamoja na Kajiado, ziliwafuatilia watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipokea arafa moja kila wiki yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida", na alipewa saa 48 za kujibu. Aliyesema shida alipigiwa simu na muuguzi. Aliyenyamaza alipigiwa pia. Baada ya mwaka, 62% ya waliopokea arafa walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya 50% ya wengine. Waliopungukiwa na virusi hadi kiwango kisichoonekana walikuwa 57% dhidi ya 48%. Lancet tena, 2010. Angalieni: arafa yenyewe haikutaja dawa wala ugonjwa. Iliuliza hali, ikangoja jibu.

Msimamo wangu ndio huo. Arafa inayouliza na kungoja jibu, ikafika saa ile hamu inapopanda, itamfaa kijana. Arafa ya mahubiri itafutwa kabla haijasomwa.

Nina vijana kadhaa, wote wametimiza miaka kumi na minane, waliokubali kujaribu. Sitaki kutafsiri arafa za Wazungu. Nisaidieni kuandika zetu.

#2 Karani_Pipeline

Dada, nakuheshimu kwa kazi unayofanya, lakini sikubaliani nawe. Simu ya kijana wa Nairobi imejaa arafa tayari. Kamari asubuhi, mkopo mchana, kamari tena jioni. Yako itakuwa ya ishirini kwa siku hiyo. Halafu hizo namba zako zisome upya. 10.7% maana yake ni kwamba karibu watu tisini katika kila mia waliendelea kuvuta. Hilo ndilo tunaita kufaulu?

#3 Mhudumu_Embakasi

Karani, swali lako ni la haki, nitalijibu sawasawa.

Sigara ni ngumu kuacha. Katika lile kundi lililoachwa lipambane lenyewe, ni watu watano hivi kwa mia walioshinda hadi mwezi wa sita. Arafa zikaongeza wengine kama sita. Gharama ya kuwaongeza hao sita si jengo wala daktari, ni meseji. Sasa chukua Kenya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha watu wazima milioni 2.5 wanatumia tumbaku, yaani 11.6%. Na ule wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, wa mwaka 2013, ulikuta 9.9% wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Sita kwa kila mia katika umati huo ni watu wengi mno. Mimi nikipata sita katika mtaa wangu, nitawajua kwa majina na kwa mama zao.

Kuhusu kamari na mikopo, umesema kweli. Lakini zile hazijawahi kumuuliza kijana ameamkaje.

#4 Konda_wa_Kayole

Acha niongee kama mtu anayevuta, maana naona wanaozungumza ni wasiovuta.

Mimi ni makanga. Siku yangu inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Gari likiwa kwenye foleni ya steji, kuna duka pale lenye nyavu, na kwenye nyavu pamefungwa kiberiti cha gesi kwa kamba. Unatoa shilingi zako, unapewa fegi moja, unajivutia kiberiti, unawasha, unakiachilia kinarudi kuning'inia. Huhitaji hata kumiliki kiberiti. Ya pili ni baada ya chai ya saa nne. Ya tatu gari likikataa kujaa. Jioni sihesabu, kwa sababu jioni kuna muguka, yale majani ya kutafuna, na mtu akiwa na muguka mdomoni fegi zinafuatana zenyewe.

Kwa hivyo usinitumie meseji saa tatu asubuhi kuniambia sigara inaleta saratani. Pakiti ina picha ya mapafu, nimeiona. Saa tatu mimi nimening'inia mlangoni Jogoo Road, napokea nauli. Nitumie saa kumi na nusu, kabla sijafika kwenye ile nyavu. Hapo labda.

Na kitu kingine. Siku niliyojaribu kuacha, aliyenisaidia ni dereva wangu. Kila nikishuka kwenda upande wa duka, ananiita jina. Hasemi kitu kingine. Ananiita tu, nageuka, narudi. Alipohamia gari la laini nyingine, nikarudia.

#5 Mhudumu_Embakasi

Ndugu yangu, umenipa kazi kubwa kwa maneno machache. Asante sana.

Nakuomba jambo, na yeyote anayevuta hapa afanye hivyo pia. Niandikie saa zako nne ngumu kabisa za siku na mahali unapokuwa saa hizo. Wa Uingereza walituma arafa tano kwa siku katika wiki tano za kwanza, kisha tatu kwa wiki kwa wiki 26 zilizofuata. Tano kwa siku zinaweza kuonekana nyingi, lakini wiki za mwanzo ndizo zinazowaangusha watu. Tukijua saa, basi hata tano hazitachosha, kwa sababu kila moja itakuta kuna haja.

Yule dereva wako alikuwa anafanya kazi ninayotaka arafa zifanye.

#6 Mfamasia_Thika_Road

Niongeze upande wa mwili, kisha niwaachie uandishi.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama kumi. Ndiyo maana mkono huizoea haraka hivyo. Mtu akiacha, ubongo hulalamika: hasira za bure, kutotulia, usingizi wa vipande vipande, njaa, akili kutoshika jambo. Makali yako siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe, ile inayomfanya mtu aamke aelekee dukani, hudumu dakika chache tu kila inapokuja. Inapanda, inafika kileleni, inashuka hata kama hujavuta. Vijana wengi hawajaambiwa hili. Wanadhani itaendelea kupanda hadi wavute.

Kwa hivyo arafa ina kazi ya dakika tano. Imfikishe upande wa pili wa hizo dakika.

Swali moja la kuuliza mapema: unawasha ya kwanza muda gani baada ya kuamka? Anayewasha ndani ya nusu saa ametekwa zaidi, na huyo arafa peke yake huenda isimtoshe. Zipo chingamu na plasta za nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009, na mwongozo wake wa Julai 2024 kuhusu watu wazima wanaotaka kuacha unataja dawa na ushauri, na unataja pia arafa kama njia mojawapo ya kuwasaidia. Tatizo letu ni bei. Mtu anayenunua fegi moja moja hana pesa ya pakiti nzima ya chingamu siku moja. Nimewaona wakiuliza bei, wakashukuru, wakaondoka.

Wanaozimudu, wengi huzitafuna kama ubani wa kawaida na kumeza mate haraka, wanapata kwikwi na kichefuchefu, wanazitupa. Chingamu ya nikotini hutafunwa polepole hadi ladha iwashe kidogo, kisha inabanwa kati ya shavu na fizi, itulie. Ikipoa, unatafuna tena. Usinywe chai wala soda robo saa kabla yake. Hiyo nayo ni arafa nzuri kwa yule anayezitumia. Kwa walio chini ya miaka kumi na minane, wamwone daktari au afisa wa kliniki kwanza, wasinunue tu.

#7 Msimbo254

Kazi yangu ni mifumo ya arafa, kwa hivyo nitaongea mambo ya fundi.

Ukinunua kwa wingi, arafa moja kwa kawaida haifiki shilingi. Shida haiko kwenye kutuma, iko kwenye kujibiwa. Ukituma kwa jina, yaani pale juu palipoandikwa jina badala ya namba, kijana hawezi kujibu. Lazima uwe na namba fupi inayopokea, na iwe ya bure kwa anayejibu. Kijana asiye na kredo hatajibu "Shida" kwa pesa zake. Hilo ukilipuuza, umebaki na mahubiri yale yale uliyoyakataa kwenye #1.

Pili, wengi wamefunga arafa za matangazo kwa sababu ya hizo kamari za Karani. Sajili zako kama arafa za huduma, la sivyo hazitafika kwa watu hao.

Tatu, herufi. Arafa moja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidisha inahesabiwa mbili na unalipa mbili. Na ukiweka kikatuni hata kimoja cha uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi 70. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hivyo kateni.

Kwa kikundi kidogo cha mtaani huhitaji mfumo wowote kwa kuanzia. Simu moja, laini moja yenye arafa za mwezi, na mtu anayejibu. Mfumo utakuja mkishajua kinachofanya kazi.

#8 Mama_wa_Kijana

Mimi ni mzazi. Nimesoma yote na moyo unanienda mbio, kwa sababu wangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na huko simu haziruhusiwi. Likizo iliyopita nilikuta veipu, ile sigara ya kielektroniki, ndani ya soksi zake. Baba yake alitaka kumpiga, nikakataa. Kijana alilia, akasema yeye mwenyewe anataka kuacha ila hawezi. Arafa zenu zitamfikiaje? Na je, mimi mwenyewe naweza kuwa wa kumwandikia?

#9 Mhudumu_Embakasi

Mama, pole, na hongera kwa kumzuia mzee. Kijana aliyesema "nataka kuacha" mbele ya wazazi wake wawili ameshafanya jambo ambalo wengi hawawezi.

Kwa veipu kuna ushahidi mpya, na unawahusu wa rika lake hasa. Marekani, shirika la Truth Initiative lilianzisha programu ya arafa iliyoitwa This is Quitting. Jaribio la vijana wa miaka 13 hadi 17, lililochapishwa mwaka 2024, lilikuta kwamba baada ya miezi saba 37.8% ya waliopata arafa hizo walikuwa wameacha veipu, na wasiozipata 28.0%. Kwa wa miaka 18 hadi 24, jaribio la awali la 2021 lilikuta 24.1% dhidi ya 18.6%. Kwa hivyo umri wake si kikwazo.

Kikwazo ni shule, nakubali. Muhula mzima hana simu. Nionavyo, siku ya kuacha iwe mwanzoni mwa likizo, akiwa mbali na wale anaovuta nao, ili wiki zile kali apite akiwa na simu mkononi. Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu.

Kuhusu wewe kumwandikia, mwandikie, lakini kama mama. Yule wa kumuuliza juu ya hamu awe mtu mwingine ambaye hatamwogopa akiteleza. Na kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla namba yake na habari zake kuwekwa popote. Utaweka sahihi, kisha utaniahidi hutafungua simu yake kusoma majibu. Akijua unasoma, atajibu "Sawa" kila siku.

#10 Mwalimu_Mstaafu

Mama, usisubiri Novemba bure. Kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha. Wengine ni wa jina tu, wengine ni lulu. Siku ya kutembelea wanafunzi omba kuonana naye faraghani, usimtaje mwanao kwanza, muulize anafanyaje na wanaotaka kuacha. Kwa jibu lake utajua kama ni wa kumwamini. Shule nyingi zikimkamata mwanafunzi humrudisha nyumbani kwa wiki mbili, na huko mtaani ndiko veipu ilikotoka.

#11 Nimeacha_Ngara

Naomba nizungumzie walio kimya. Mimi ni msichana, nilivuta nikiwa chuoni. Nyumbani hakuna aliyejua na hadi leo hawajui. Mvulana akivuta anaitwa mkorofi. Msichana akivuta anaitwa majina ambayo sitayaandika.

Ninalala chumba kimoja na dada zangu, simu iko juu ya meza, arafa ikiingia maandishi yanatokea hata skrini ikiwa imefungwa. Mkinitumia "Hongera, siku ya pili bila sigara!" mmenimaliza. Tafadhali arafa ya kwanza isitaje sigara wala kuvuta. "Mambo?" inatosha. Yeyote anaweza kuuliza mambo. Nikijibu, ndipo tuingie ndani. Na jina au namba inayotuma isiwe na neno sigara.

Mimi niliacha na rafiki. Tulikuwa na desturi: nikimtumia nukta moja tu, anajua nimeshikwa. Anapiga simu, tunaongea habari za mtihani au za mwenye nyumba, chochote, hadi ipite. Hakuwahi kuniuliza kama nimevuta. Kuna usiku nilivuta nikamwambia, akasema "sawa, kesho saa moja nitakutafuta," na kweli saa moja akanitafuta.

#12 Mhudumu_Embakasi

Dada wa Ngara, umebadilisha mpango mzima kwa aya hizo. Arafa ya kwanza haitataja sigara. Limepita.

Sasa tuandike. Nimejaribu hizi, zichambueni bila huruma. Maneno ya kijana kujibu ni matatu: SAWA, HAMU, NIMEVUTA.

Alfajiri, kabla ya steji:
*Mambo? Umeamkaje leo?*

Akijibu HAMU:
*Nimekupata. Usiende dukani sasa. Kunywa maji polepole, tembea upande mwingine. Itapanda, itashuka ndani ya dakika chache. Ikishuka niambie.*

Baada ya chai ya saa nne:
*Chai imeisha? Inuka hapo ulipokaa. Osha kikombe, piga mtu simu. Saa hii ndiyo huwa inakuvuta.*

Akijibu NIMEVUTA:
*Asante kwa kuniambia. Ulikuwa wapi, na nani? Hiyo moja usiifanye mbili. Nitakutafuta saa moja asubuhi.*

Siku ya tatu, akishajibu ile ya alfajiri:
*Leo ndiyo mbaya kuliko zote, na hasira si tabia yako, ni nikotini inatoka. Waambie wa nyumbani wakuvumilie leo. Mambo?*

#13 Konda_wa_Kayole

Ya HAMU ni nzuri lakini "kunywa maji polepole" mimi nikiwa mlangoni mwa gari siwezi. Weka njugu. Njugu karanga nakuwa nazo mfukoni, mkono unapata kazi na mdomo unapata kazi. Au peremende ya mnanaa. Muulize mtu mwanzoni kitu gani kiko karibu naye, halafu umtajie hicho hicho.

Ya siku ya tatu imenigusa. Nilidhani ni mimi nilikuwa mbaya siku hizo. Niligombana na abiria kwa sababu ya shilingi kumi.

Saa zangu: saa kumi na nusu alfajiri, saa nne na robo, saa nane gari likiwa halijai, na kuanzia saa moja jioni kwenye muguka. Hiyo ya jioni sijui utaniandikia nini. Siachi muguka mwezi huu, nisikudanganye.

#14 Mfamasia_Thika_Road

Konda, ukweli wako unasaidia. Muguka na pombe ndivyo vinavyowarudisha wengi. Ukiwa na muguka, badilisha angalau mahali pa kukaa wiki tatu za kwanza, usikae na wale mnaoshiriki fegi. Mhudumu, arafa ya jioni kwa watu kama yeye iende saa kumi na mbili, kabla hajaketi. Akishaketi umechelewa.

Na ile ya NIMEVUTA, usiongeze kitu. Mtu aliyeteleza akikaripiwa hatajibu tena, na mfumo wako utamhesabu kama ameacha.

#15 Karani_Pipeline

Bado naona kuna shimo. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara kwa aliye chini ya miaka kumi na minane, na inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, seuze moja moja. Ile nyavu ya Konda na kiberiti chake ni kuvunja sheria hadharani kila alfajiri. Mnamwandikia kijana meseji akiwa amesimama mbele ya duka ambalo halikupaswa kumuuzia. Kwa nini mzigo uwe wake?

#16 Mhudumu_Embakasi

Mzigo haupaswi kuwa wake, Karani. Hapo tuko pamoja kabisa. Kenya ilitia sahihi na kuidhinisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na ndani yake kuna kifungu cha 14 kinachozitaka serikali ziwasaidie wanaotaka kuacha. Kwa hivyo kufunga biashara ya fegi moja moja ni wajibu wa serikali, na kumsaidia anayetaka kuacha ni wajibu wake pia. Mkisukuma la kwanza kwa chifu, kwa kaunti na kwa mwakilishi wa wadi, mimi nitakuwa mstari wa mbele.

Ila kesho saa kumi na nusu lile duka litakuwa wazi, na Konda atapita pale. Nataka apite akiwa na mtu.

Kwa anayehitaji kuongea na mtu usiku huu, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, wana namba ya bure, 1192. Ni ya dawa za kulevya na pombe, na tumbaku imo.

#17 Msimbo254

Swali la fundi kwa mwenye uzi: nani atajibu HAMU saa tano usiku? Mashine inaweza kurudisha ile arafa ya kwanza papo hapo, hilo ni rahisi. Lakini kijana akiandika sentensi yake mwenyewe, mashine itamjibu upuuzi. Kule kliniki ya Pumwani kulikuwa na muuguzi nyuma ya "Mambo?". Usiku mzima huwezi peke yako.

#18 Mhudumu_Embakasi

Siwezi, na sitajifanya ninaweza. Mpango ni huu: hadi saa nne usiku anajibu mtu. Baada ya hapo inarudi ile ya papo hapo, pamoja na ahadi ya saa ya kutafutwa asubuhi, na ahadi hiyo lazima itimizwe. Ninahitaji watu wanne wa kupokezana zamu, na ningependa wawili wawe walioacha wenyewe. Nitakaa nao jioni moja tupitie namna ya kujibu, hasa nini cha kutosema. Na atakayeonyesha dalili za kukata tamaa ya maisha, hilo si la arafa tena, tunampigia na kumpeleka kwa mtaalamu. Anayeweza aniandikie faraghani.

#19 Mama_wa_Kijana

Niko tayari kwa zamu ya saa kumi na nusu alfajiri. Huamka saa hiyo kuandaa maandazi ya kuuza. Sijawahi kuvuta, lakini kuuliza "umeamkaje" naweza. Ila nisipewe namba ya mwanangu.

#20 Nimeacha_Ngara

Nami nipe Ijumaa na Jumamosi jioni. Hizo ndizo zilikuwa zangu ngumu. Na ya Ijumaa saa kumi na mbili nimewaandikia hii, mwone:

*Mambo? Leo utaketi na nani? Kama ni wale wa siku zote, kaa karibu na mlango. Wakianza, toka unipigie. Nitapokea hadi saa nne.*

#21 Msimbo254

Nimeihesabu, inaingia kwenye arafa moja. Usiiguse.